Nyama ya Nzi Chini ya Minyaa

Kuna harufu moja ambayo nikiisikia hata leo nakunja uso kabla sijajua kwa nini. Ni harufu ya nyama iliyosahauliwa kwenye sufuria siku tatu za joto, kisha mtu akafunua kifuniko. Haiji kwa kishindo. Ingekuja kwa kishindo ningekimbia na mambo yangeishia hapo. Unavuta pumzi unaipata, unavuta tena unaikosa, unainama kuitafuta inakuingia puani hadi mate yanakujaa mdomoni. Nilikuwa na miaka tisa nilipoijua, kijijini Mitundu, na kilichoitoa hakikuwa nyama. Lilikuwa ua. Ua dogo lisilozidi kizibo cha soda, jekundu la damu iliyokaa, lenye madoa na mikunjo, na pembezoni limeota vinyweleo vinavyotikisika hata usipouona upepo. Ukilitazama haraka ungesema kipande cha maini kimedondoka kwenye kikapu cha mtu. Sisi watoto tuliliita nyama ya nzi.

Mmea wenyewe ni mpole machoni. Una vishina vinene vya urefu wa kidole, vya pembe nne, vyenye vimeno laini kandokando, na hauna majani kabisa. Hukaa chini ya vichaka vizito vya upande wetu wa Itigi, mahali ambapo jua hufika kwa vipande, na hutambaa taratibu. Shina likilala chini linaota mizizi na kuanza ukoo mwingine. Wageni wakisikia habari za vichaka vile hudhani ni kijani mwaka mzima. Waje mwezi wa nane. Kila kitu kimepukutika, matawi yamebaki ya kijivu, yamesongamana, na ukipita ndani unatoka na mikwaruzo mikononi na vumbi kwenye nyusi. Katika ukavu ule ukiinama na kuchungulia chini, unaikuta nyama ya nzi imekaa kijani vilevile, imeshiba maji yake, haina habari na mtu. Leo mimi ni mwalimu wa baiolojia na naweza kueleza: maji hutunzwa ndani ya shina, na kazi ya majani hufanywa na ngozi ya shina lenyewe. Wakati ule sikuhitaji maelezo. Niliona kitu cha kijani mahali pasipo na kijani, nikakitaka.

Kukitaka lilikuwa jambo moja, kukiweka nyumbani lilikuwa lingine. Mama yangu alikuwa mtu wa fagio. Uwanja wetu ulifagiliwa asubuhi na jioni, na chochote kilichotoka porini, jani, mdudu, unyoya wa ndege, kilirudishwa porini kwa ncha ya fagio. Aliamini kila kichaka kina nyoka ndani na kila mmea wa porini ni kichaka kinachoanza. Baba alishinda kwenye shamba la tumbaku, hivyo serikali ya nyumbani ilikuwa mama peke yake. Kwa hiyo nilipotoka msituni mwezi wa saba nikiwa na karai la vishina nilivyochimbua kwa kijiko cha uji, sikuvipeleka kwetu. Nilivipitisha chini ya uzio wa minyaa uliotutenganisha na jirani, nikavipanda upande wake, mstari mrefu, kwenye kivuli. Nilijiona mjanja sana.

Jirani huyo alikuwa Mzee Shabani, na ni lazima nieleze kazi yake, maana bila hivyo huwezi kuelewa uchafu uliotokea. Alikuwa mchinjaji wa kijiji. Mitundu ilikuwa na makanisa na msikiti, na watu wake walizikana na kuoana bila kuulizana mengi, ila nyama ilikuwa na utaratibu wake. Mnyama wa kuliwa na wote alichinjwa na Mwislamu, na kwetu Mwislamu huyo alikuwa Mzee Shabani. Krismasi kisu kilikuwa chake, Idi kilikuwa chake, harusi na msiba vilevile. Mtu akinunua nyama siku ya gulio hakuuliza mnyama katoka wapi. Aliuliza, “Kachinja Shabani?” Akiambiwa ndiyo, alifungua kikapu. Swali lile lilimaanisha: mnyama alikuwa mzima aliposimama mbele ya kisu, au ni kibudu, mnyama aliyejifia kwa ugonjwa halafu mtu mwenye tamaa akamkata vipande? Mzee yule alikataa hata mbuzi aliyechechemea. Nilimwona kwa macho yangu akimrudishia mtu kondoo wake na kumwambia, “Huyu kampe dawa kwanza, akipona tutaonana.” Akimaliza kuchinja alichimba shimo akafukia damu na uchafu wote, akasugua jiwe lake kwa majivu, akaosha mikono hadi viwikoni. Mke wake alikuwa amefariki, mwanawe wa pekee ameolewa Manyoni, na nadhani kisu kile pamoja na jina lake ndivyo vitu alivyobaki navyo.

Bustani yangu aliijua. Alikuwa akitawadha kando ya uzio, juu ya jiwe bapa, na maji ya udhu yalitiririka hadi kwenye mstari wangu; ndiyo maana vishina vilinenepa katikati ya kiangazi. Siku moja alinikuta nimelala kifudifudi upande wetu, mkono umepenya chini ya minyaa, namwagilia kwa kikopo.

“Unamwagilia nini, Yunisi?”

“Maua, babu.”

“Mbona hayana maua haya?”

“Yatatoa.”

Akacheka. Kesho yake niliona amelisogeza jiwe lake karibu zaidi na mstari.

Mvua ya kwanza ilinyesha mwezi wa kumi na moja, na haikupita wiki vichomozo vikatokea ubavuni mwa vishina, vidogo, vyenye ncha. Nilitarajia kitu cheupe au cha njano, kitu cha kuchomeka nyweleni Jumapili. Asubuhi yalipofunguka nilipiga magoti, nikaingiza kichwa chini ya uzio kwa tahadhari, nikanusa kwa pumzi yote, vile mtu anavyonusa ua alilolingoja miezi minne. Nilitapika palepale, juu ya mkono wangu mwenyewe.

Nilipofuta macho ndipo nikawaona nzi. Si wale wadogo wa jikoni. Walikuwa nzi wakubwa wa kijani cha kumetameta, wale wa mizoga. Walitembea juu ya maua wakipangusa miguu yao, wakazama katikati, wakatoka na vijitone vya njano vimewanasa mdomoni, wakaenda ua jingine. Na ndani ya mikunjo waliacha mayai meupe, mafungu kwa mafungu. Siku ya pili mayai yalikuwa mabuu. Yalijipinda na kujinyoosha juu ya ua, yakitafuta nyama iliyoahidiwa na ile harufu, na nyama haikuwepo. Siku ya nne yalikuwa yamekauka. Ua lile halina chakula cha mtoto wa nzi. Linamhitaji mama yake tu, abebe chavua aende zake. Nimelifundisha jambo hili ubaoni mara nyingi. Watu hupenda kusema maumbile ni mazuri. Hawajawahi kuangalia mabuu yakifa njaa juu ya picha ya chakula.

Nilipaswa kuyang'oa siku hiyohiyo. Nilijiambia kesho, na kesho nikajiambia kesho. Ukweli ni kwamba nilichukia kuyagusa. Mikono iliyovipanda vishina kwa mapenzi haikukubali hata kukaribia, na nilipopita upande ule niliziba pua kwa kola ya gauni. Nikahamisha michezo yangu hadi upande wa pili wa nyumba. Kinyaa changu, ambacho mama alikisifu na kukiita usafi, kiliyaacha maua yangu kwenye uwanja wa mtu mwingine.

Juma hilohilo mtamba wa Baba Sela alivimba tumbo akafa. Baba Sela alikuwa mfugaji wa kitongoji chetu, mwenye ng'ombe wengi na subira kidogo. Alimburuta mtamba hadi ukingoni mwa vichaka akamwacha huko, na aliporudi kesho yake kuchuna ngozi, mzoga haukuwepo. Fisi tulikuwa nao, kila mtu aliwajua. Lakini Baba Sela alisema fisi huacha mifupa, na pale aliona mburuzo tu. Wafugaji wa kwetu wana namna yao ya kutafuta mnyama: kwanza hutazama juu watafute tai, na wakikosa tai hutazama chini wafuate nzi. Nzi wa kijani anayeruka moja kwa moja bila kuzungukazunguka, wanasema, huyo anakwenda kazini. Basi Baba Sela aliwafuata, kichwa chini, fimbo mabegani, kutoka ukingo wa vichaka hadi kwenye njia, na kutoka kwenye njia hadi kwenye uzio wa Mzee Shabani. Hapo akasimama, akavuta pumzi, akatema.

Alirudi na wanaume watatu na jembe. Mimi na mama tulikuwa tumekaa chini uwanjani tunapukuchua karanga, na minyaa haikuwa na matawi chini ya usawa wa magoti, hivyo tuliona kila kitu.

“Shikamoo, Mzee Shabani,” alisema Baba Sela, kwa sababu kwetu hata anayekuja kukuharibia maisha huanza na shikamoo.

“Marahaba. Karibuni.”

“Hatukai. Mtamba wangu yuko wapi?”

“Nimesikia amekufa. Pole sana.”

“Amekufa, ndiyo, na nzi wake wamenileta hapa. Hii harufu ni ya nini?”

Mzee alikunja uso. “Hata mimi naisikia tangu juzi. Nikafikiri paka kafia kwenye minyaa.”

Aliyesimama hakuweza kuona chini ya yale matawi, na hakuna aliyekuwa tayari kupenyeza kichwa kwenye minyaa. Utomvu wake mweupe ukikuingia jichoni unaweza kupofuka, na mkulima wa kwetu akitaka kuupunguza uzio huo huvaa shati la mikono mirefu na kugeuza uso pembeni. Wakatazama ardhi badala yake. Hatua chache kutoka kwenye uzio udongo ulikuwa laini, umefukiwa karibuni, na nzi wawili watatu walikuwa wametua pale.

“Hilo ni shimo la Jumamosi,” alisema Mzee Shabani. “Ni uchafu wa mbuzi wa harusi. Nyama yake mmekula nyote.”

Wakachimba. Mtu yeyote akichimba nyuma ya nyumba ya mchinjaji atakuta utumbo, kama atakavyokuta vipande vya chaki nyuma ya darasa, lakini hawakuwa wamekuja kufikiri. Jembe lilipoinuka liliinuka na mavi ya mbuzi, damu iliyoganda na kugeuka nyeusi, na ngozi ya utumbo iliyojaa mabuu, mengi, ya kunona, yakidondoka na kujikunja juu ya udongo mkavu. Mmoja wa wale wanaume alitupa jembe, akashika magoti na kutapika juu ya viatu vyake. Baba Sela alikinyanyua kipande kwa ncha ya fimbo, akakizungusha ili kila aliyekuwa amesogea akione.

“Mnaona?” alisema. “Kibudu. Anatulisha kibudu.”

Kutoka nilipokaa, kati ya mashina ya minyaa, niliyaona maua yangu yote, yamefunguka, yamejaa nzi. Nilihitaji kunyoosha kidole tu. Niliogopa fimbo ya mama, na zaidi ya fimbo niliona aibu kwamba kitu kichafu kiasi kile kimetoka mikononi mwangu. Niliendelea kupukuchua karanga. Nakumbuka nilizipukuchua vizuri sana, bila kuvunja hata moja.

Alasiri ile mama aliitoa sufuria ya nyama iliyokuwa jikoni, akaimwagia mbwa. Akaisugua sufuria kwa mchanga, akaisugua kwa majivu, akaisugua tena, kisha akaenda nyuma ya nyumba akajitia vidole kooni. Kitongoji kizima kilitapika siku ile. Ukipita njiani unawasikia nyuma ya kila uzio, wanawake na wanaume wazima, wakijikamua nyama waliyoila juma lililopita, mwezi uliopita, Krismasi ya mwaka uliopita. Kila mmoja akawa na hadithi. Mmoja siku zote aliona mchuzi una povu. Mwingine aliwahi kukuta nyama ina rangi ya samawati. “Mimi niliisikia zamani, ni vile tu nilinyamaza,” walisema, mmoja baada ya mwingine. Waongo wakubwa. Nilikuwa mtoto, na nilijua wanadanganya, kwa sababu niliwaona kwenye harusi wakilamba vidole.

Kisha yakaja mate. Mtu akipita mbele ya lango la Mzee Shabani aligeuza uso akatema, bila kusema neno, akaendelea na safari. Hakuna aliyeitangaza desturi hiyo. Ilizuka tu, na baada ya siku tatu mbele ya lango lake palikuwa na mabaka ya mate yaliyokaukia vumbini, mengine mapya yanang'aa. Wa kwanza niliyemwona akitema alikuwa mama yangu. Alikuwa na ndoo ya maji kichwani, akageuza shingo, akatema, na maji hayakumwagika hata tone.

Siku ya gulio Mzee Shabani alichinja kama kawaida. Mbuzi alikuwa wake mwenyewe, beberu mnene, akamchinja asubuhi mbele ya yeyote aliyetaka kutazama. Akaitundika nyama kwenye ndoano, akakaa pembeni na kofia yake safi na usinga wa kufukuzia nzi. Watu walipita mbele yake wakaenda kununua dagaa. Ilipofika saa nane nyama ilikuwa imeanza kuwa nyeusi pembezoni, nzi wakaja, wa kweli safari hii, akawafukuza, wakarudi, akawafukuza. Wanunuzi walisimama mbali wakionyeshana wale nzi kwa midomo. Nyama nzuri kuliko zote Mitundu iliharibika hadharani kwa kukosa mtu wa kuinunua, ikawapa ushahidi waliokuwa wakiutaka. Akaishusha, akachimba shimo, akaifukia yote. Msikitini nako, niliambiwa baadaye, walimwomba apumzike kidogo hadi maneno yapoe.

Nilimweleza mama baada ya siku ile ya gulio. Si kwamba nilipata ushujaa. Nilikuwa siwezi kula. Kila tonge lililokaribia mdomo lilinuka yale maua, na mama alianza kuniogopea. Nilimpeleka kwenye uzio. Alijifunga kanga usoni, akayainua matawi kwa mpini wa jembe, akainama. Alikaa pale muda mrefu, kisha akashusha kanga puani na kunusa. Nilimwona akielewa, mgongo wake ulitulia kabisa. Nilingoja fimbo, na ningeishukuru.

“Nani mwingine anajua?” aliuliza.

“Hakuna.”

“Basi.”

“Mama, twende tukamwambie Baba Sela.”

“Tukamwambie nini? Kwamba kijiji kizima kimetapika kwa sababu ya maua ya mtoto wangu?” Alinishika mkono, akanikazia macho. “Umenisikia, Yunisi? Hujaona kitu.”

Aliyakokota yote kwa jembe, vishina, maua, mabuu na nzi waliokuwa wakiyang'ang'ania, akayatumbukiza chooni. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alipitisha fagio chini ya uzio, akafagia upande wa jirani. Alifagia vizuri, kwa mistari yake iliyonyooka, hadi pasibaki dalili kwamba pale paliota kitu. Kisha akanawa mikono kwa sabuni, akaniambia nami ninawe. Nilimtazama mwanamke msafi kuliko wote Mitundu akisugua chini ya kucha zake, nikamwonea kinyaa mama yangu mzazi. Ni vibaya kusema hivyo. Nilijionea kinyaa mimi pia, maana nilinawa.

Mzee Shabani alihama mwanzoni mwa mwaka. Lori la tumbaku lilikuwa linampeleka Itigi akapande treni kwenda kwa mwanawe Manyoni. Asubuhi ile, vitu vyake vikiwa tayari kwenye lori, godoro na sanduku na kile kisu kimefungwa ndani ya kitambaa, alikuja kwenye uzio akaniita. Nilikwenda, nikamwamkia.

“Marahaba, mjukuu wangu,” alisema. “Yale maua yako niliyaona. Siku ileile waliyochimba, walipoondoka nilivaa shati nikapenyeza kichwa, nikayaona. Nikasema, mtoto simtaji. Mama yake ni mtu mzima, akiyaona atakuja mwenyewe atasema.” Hakuwa na ukali. Alizungumza taratibu, kama mtu anayeelekeza njia. “Nikangoja. Siku moja natawadha, naona chini hapa pamefagiwa.”

Alitazama ile ardhi tupu kidogo.

“Msalimie mama,” alisema, akaenda kupanda lori. Salamu zile sikuzifikisha.

Alifia Manyoni nikiwa sekondari. Nilisikia kwamba huko hakuchinja tena, hata kuku. Mkwewe ndiye aliyekuwa akichinja. Wakati huo Mitundu ilikuwa imekwisha kupata mchinjaji mwingine, kijana aliyekuwa haulizi sana mnyama anaumwa nini, na watu walikula nyama yake kwa furaha na kumsifu kwa kuwa na haraka. Wengi waliougua tumbo mwaka ule walisema ni mabadiliko ya hali ya hewa.

Sasa naishi Mwankoko, pembeni ya mji wa Singida. Ninaponunua nyama hapa naikuta kwenye bucha lenye vigae na jokofu, na mnyama amegongwa muhuri wa bwana mifugo pajani. Ni usafi ambao mama alikuwa akiuota, na mimi nausifu, ingawa sijui mnyama alikuwaje aliposimama mbele ya kisu na hakuna wa kumuuliza. Vichaka vya kwetu vimekatwa sana kwa mkaa na mashamba ya alizeti. Ukipita kwa gari unaona mwanga pale ambapo zamani mbuzi aliingia asionekane tena. Nyama ya nzi haiwezi jua kali la moja kwa moja, kivuli kikiondoka nayo inasinyaa na kukauka. Na huku mjini naikuta ikiuzwa kando ya barabara kwenye makopo ya rangi, kabla haijatoa maua, wanunuzi wakivutiwa na ukijani wake. Muuzaji mmoja alinisihi ninunue, akaniambia haihitaji matunzo. Nilimjibu vibaya kuliko alivyostahili.

Mwezi uliopita mama alikuja kukaa kwangu. Amezeeka, magoti yanamsumbua, lakini bado anafagia uwanja wangu kila asubuhi kabla sijaamka. Umeme ukakatika siku mbili, na uliporudi mwanangu wa miaka minane alifungua jokofu kutafuta maji. Akaruka nyuma, ameziba pua.

“Mama! Hii imeshakuwa nyama ya Shabani!”

Mwanangu hajawahi kufika Mitundu. Nilimuuliza maneno hayo kayatoa wapi.

“Bibi ndiye anasema. Nyama ikioza inaitwa hivyo.”

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, ungo wa mchele mapajani. Hakuinua kichwa. “Ni msemo tu,” alisema. “Kule kwetu wote wanasema.”

“Mama, mwambie Shabani alikuwa nani.”

Vidole vyake viliendelea kuokota mawe kwenye mchele. Basi nikamwambia mimi. Nilipiga magoti mbele ya mwanangu, mlango wa jokofu ukiwa wazi na harufu ile inatujia usoni sote watatu, nikamwambia Shabani alikuwa jirani yetu, mchinjaji msafi kuliko wote, na nyama yake haikuwahi kuwa mbovu. Ni mimi niliyepanda maua yanayonuka kwenye uzio wake, nikanyamaza. Alinisikiliza. Akamtazama bibi yake, akanitazama mimi, kisha akaangua kicheko, akidhani namtania, akatoka mbio kwenda kucheza.

Niliitoa ile nyama nje, nikaifukia nyuma ya nyumba. Barabarani, watoto wa jirani walikuwa wamekusanyika wameziba pua zao, na mwanangu anawafundisha ule msemo. Walikuwa sita. Walirudia wote pamoja, kwa sauti, na hakuna hata mmoja aliyelikosea jina la Shabani.